Kilichookoa Zulia la Merv na Kikapu cha Iringa

Historia ya kazi za mikono katika nchi zilizotawaliwa husimuliwa mara nyingi kama tanzia moja: palikuwa na ufundi, wageni wakaja na bidhaa za kiwandani, ufundi ukafa. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania masimulizi hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Katikati ya karne ya 19, kati ya Uhehe na Ziwa Tanganyika, kulikuwa na kazi mbili kubwa za nyuzi. Wanaume wa Ufipa na Unyiha walifuma vitambaa vya pamba waliyoilima wenyewe, na wanawake wa Uhehe walisuka vikapu kwa nyasi za milulu zilizoota mabondeni. Vitambaa vile leo havimo katika soko lolote. Vikapu vipo, kuanzia vijiji vya Ilula hadi mjini Iringa, na vingine husafirishwa hadi Ulaya. Waliokuja walikuwa walewale, kodi ilikuwa ileile, bidhaa za meli zilikuwa zilezile. Kwa nini kazi moja ilikufa na nyingine ikaishi? Jibu hilo hulioni vizuri ukiangalia Iringa peke yake. Inabidi kwenda mbali, kwa Waturkmeni wa Asia ya Kati, ambao mazulia yao ya sufu yalipita katika msukosuko unaofanana sana na wetu, karibu miaka ileile. Naamini yaliyowapata yanatufundisha jambo ambalo wapenzi wa utamaduni hawapendi kulikubali: nakshi haiokolewi na uzito wa maana yake. Huokolewa pale ambapo fundi anaimiliki malighafi yake na muda wake, na pale ambapo kiwanda kinashindwa kukalia nafasi ya kitu hicho ndani ya nyumba.

Tuanze na kondoo, kwa sababu huko ndiko njia zetu zilikoachana. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki ana manyoya mafupi kama ya mbuzi. Hutoa nyama, mafuta na ngozi, lakini hatoi sufu ya kusokotwa. Wahehe walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo tele, na bado wasingeweza kufuma zulia hata wangetaka. Kondoo wa sufu waliletwa nyanda za juu za Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo maana kazi kama ile ya kikundi cha wanawake wa Nanyuki, kilichoanzishwa mwaka 1977 chini ya Kanisa la Presbiteri kusokota sufu na kufuma mazulia, iliwezekana huko na si kwetu. Pwani watu walitandika mikeka ya ukindu, na mazulia ya sufu yaliingia majumbani mwa matajiri wa Unguja kwa majahazi yaliyotoka Uajemi na Bara Hindi. Asia ya Kati ni kinyume kabisa. Kule ni jangwa na nyika, usiku wa baridi kali, na watu walioishi kwa kuhamahama na makundi ya kondoo wanaokatwa sufu majira ya kuchipua na tena majira ya kupukutika. Penye sufu nyingi, baridi nyingi na miti michache, zulia si pambo. Ni sakafu, ni mlango wa hema, ni mfuko wa nguo, ni blanketi la ngamia anayembeba bibi harusi.

Ufundi wenyewe ni wa zamani sana. Mwaka 1949 Sergei Rudenko, mwanaakiolojia wa Kisovieti, alifukua kaburi la kale huko Pazyryk katika milima ya Altai. Maji yaliyoingia kaburini yalikuwa yameganda na kulihifadhi zulia lenye mafundo kwa karne zipatazo 24. Lina upana wa sentimita 183 na urefu wa mita 2, na limehesabiwa kuwa na mafundo yapatayo milioni moja na robo. Wataalamu hawajaafikiana lilifumwa wapi, lakini hilo halipunguzi ushahidi wake: tayari wakati ule kulikuwa na mikono iliyobobea.

Namna ya kulifuma inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana hoja yote imo humo. Mfumaji wa Kiturkmeni hakuwa na kitanda cha mfumi kinachosimama. Alipigilia vigingi vinne ardhini, akalaza boriti mbili, akavuta nyuzi za mtande kati yake. Kambi ikihama, vigingi vinang'olewa, kazi inaviringishwa, inapakiwa juu ya ngamia, na inaendelea mahali papya. Juu ya nyuzi mbili za mtande alifunga kipande cha uzi wa rangi, akakikata kwa kisu, akaenda kwa jozi inayofuata. Safu ikiisha alipitisha mshindio na kuigongelea kwa kitana kizito mpaka ikabanana. Zulia kubwa la Wateke, mojawapo ya makabila ya Waturkmeni, lenye mita sita za mraba na mafundo 250,000 katika kila mita ya mraba, linabeba mafundo milioni moja na nusu. Mfumaji anayefunga mafundo 8,000 kwa siku atahitaji zaidi ya miezi sita. Wafumaji walikuwa wanawake na mabinti zao, na hawakuwa na mchoro wa kuangalia. Nakshi ilikaa kichwani na vidoleni, ikahesabiwa fundo kwa fundo. Rangi nyekundu iliyotawala kila zulia ilitoka katika mizizi ya mmea wa rubia, bluu ikatoka katika nili, na njano katika maua ya porini na maganda ya komamanga.

Nakshi kuu huitwa guli, umbo la pembe nane au la almasi lililogawanywa katika robo, ambalo hurudiwa safu kwa safu kuanzia pindo hadi pindo. Wateke walikuwa na lao, Wasalor lao, Wayomut, Wasaryk na Waersari vilevile. Valentina Moshkova, aliyezunguka miongoni mwa wafumaji wa Asia ya Kati kabla ya katikati ya karne iliyopita, alieleza kwamba kila guli lilikuwa nembo ya kabila, na kwamba kabila lililoshindwa vitani lilipoteza haki ya kuweka nembo yake juu ya zulia kuu. Ni nadharia nzuri, na inavutia kuona guli la Wasalor, waliovunjwa nguvu na Waajemi miaka ya 1830, likionekana baadaye katika kazi za makabila mengine. Wengi wameshikilia hapo na kusema: kumbe zulia lilinusurika kwa sababu lilikuwa bendera, na watu hawatupi bendera yao.

Siridhiki na jibu hilo. Kama nembo ndiyo iliyolinda ufundi, basi nembo ingebaki mahali pake na kuwa safi. Mazulia yenyewe yanaonyesha vingine. Maguli yalihama kutoka kabila hadi kabila, yakabanwa, yakarefushwa, yakawekwa juu ya mifuko na kuondolewa, na wafumaji wa vizazi vya baadaye walipoulizwa maana ya kipande fulani cha nakshi walitoa majina tofauti kwa umbo lilelile. Maana ilibadilika upesi kuliko mkono. Kilichobaki imara ni vitu vya kazi: fundo, vigingi vinne, wekundu wa ardhi ya zulia, mpangilio wa safu. Binti alijifunza kuhesabu kabla ya kujifunza maana, na mara nyingi maana hakufundishwa kabisa. Yeyote anayetaka kueleza kwa nini ufundi huu uliishi lazima aeleze kwa nini binti huyo aliendelea kukaa chini ya mama yake na kuhesabu, hata baada ya kabila lenye bendera kupoteza vita.

Na lilipoteza vita vibaya. Mwaka 1879 jeshi la Urusi lilishambulia ngome ya Wateke huko Geok Tepe na kurudishwa nyuma kwa aibu. Likarudi chini ya Jenerali Skobelev, likaizingira ngome na kuivunja Januari 1881, na maelfu wakauawa wakikimbia, wakiwemo wanawake na watoto. Msomaji wa Ilula hahitaji ramani kuitambua sura hii. Kati ya Ilula na mji wa Iringa, kando ya barabara kuu, ipo Lugalo, ambapo Agosti 17, 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa liliiangamiza safu ya jeshi la Wajerumani iliyoongozwa na Emil von Zelewski. Wajerumani nao wakarudi, Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, Mkwawa akafa mwaka 1898, na fuvu lake likakaa Ulaya hadi lilipoletwa nyumbani mwaka 1954. Ushindi wa kwanza, kisasi cha pili, kisha kodi na barabara: mpangilio ni uleule, na umbali wa miaka ni kama kumi tu. Miongoni mwa waliokufa Geok Tepe walikuwamo wafumaji, na kila mmoja wao alibeba nakshi ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.

Nyuma ya jeshi la Urusi ilikuja reli. Ilianza kujengwa mwaka 1880 kutoka pwani ya Bahari ya Kaspi, ikafika Ashgabat mwaka 1885, Merv, mji wa nchi ya Waturkmeni, mwaka 1886 na Samarkand mwaka 1888. Reli ilichukua mazulia na kuleta rangi. William Perkin alikuwa amegundua rangi ya kwanza ya kemikali mwaka 1856 huko London, na mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, waliweza kutengeneza maabarani ile dawa nyekundu iliyomo ndani ya rubia. Rangi za kemikali za mwanzo zilipauka juani na kuchujuka majini, lakini zilikuwa rahisi, na mfumaji aliyekuwa akichemsha mizizi siku nzima alizipata dukani kwa sarafu chache. Andrei Bogolyubov, jenerali aliyetawala jimbo hilo na aliyechapisha kitabu kikubwa cha picha za mazulia mwaka 1908, alikwisha kuona kwamba kazi nzuri zinapungua. Jina nalo lilipotea. Mazulia ya Wateke na Waersari yaliuzwa katika soko la Bukhara, basi Ulaya yote ikayaita Bukhara, na hadi leo mazulia yanayofumwa Pakistan kwa guli la Wateke huuzwa kwa jina la mji ambao si wa Wateke wala si wa Pakistan.

Hata hivyo kazi haikufa, na hapa ndipo ushahidi unapoongea. Reli ilileta vitambaa vya viwanda vya Moscow, na kweli ilidhoofisha ufumaji wa vitambaa katika miji ya Asia ya Kati. Haikuleta zulia la kiwandani la bei nafuu lililoweza kulala kwenye mchanga wa hema kwa miaka 50. Sufu ilitoka kwenye kondoo wa kaya yenyewe. Vigingi vinne havikununuliwa. Muda ulikuwa wa mwanamke aliyebaki kambini na watoto, ambaye hakuna jeshi wala shamba la tajiri lililomwita. Soko la mbali lilipokuja, lilimkuta tayari anafuma kwa ajili ya nyumba yake, na liliongeza fedha juu ya kazi iliyokwisha kuwapo.

Sasa tazama kitambaa cha Ufipa. Richard Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857 aliona mitambo ya kufumia katika mabaraza ya wanaume, na kusini zaidi, Ufipa na Unyiha, kazi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Kitanda chao nacho kililazwa chini kwa vigingi, karibu sawa na cha Waturkmeni. Pamba ilikuwa yao. Kilichofumwa kilikuwa kitambaa cha kuvaa, kizito na cha kudumu. Lakini kutoka Zanzibar tayari ilikuwa inapanda merikani, kitambaa cheupe cha Massachusetts kilichoanza kumiminika baada ya mkataba wa Sultani na Marekani wa mwaka 1833, kisha vya Bombay na Manchester vikafuata. Merikani ilifanya kazi ileile ya kitambaa cha Ufipa, ilitoshea mwilini vilevile, na juu ya hayo ilikuwa fedha ya njiani. Halafu mfumaji alikuwa mwanaume. Upagazi ulimchukua, vita vikamchukua, na kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ikamsukuma kwenda kutafuta sarafu kwenye mashamba ya mkonge. Pamba yenyewe ikageuzwa zao la amri la kupelekwa Ulaya. Kwa hiyo kila nguzo iliyolishikilia zulia la Waturkmeni ilivunjika kwa mfumaji wa Ufipa: malighafi, muda, na nafasi nyumbani. Hakuna haja ya kusema kwamba Wafipa walikuwa na utamaduni dhaifu. Walikuwa na bidhaa ambayo kiwanda kiliweza kuiiga kikamilifu.

Kikapu cha Uhehe kilisimama upande wa pili. Milulu huota kwenye mabonde yenye maji. Wanawake huikata, huikausha juani na kuipasua, kisha huzungusha nyuzi mbili zikipishana juu ya milulu iliyosimamishwa kama mtande, wakianzia kitako na kupanda. Nyuzi zilizotiwa rangi ya kahawia au nyeusi huingizwa kwa hesabu, na kutoka humo hutokea pembetatu na mistari ya kukunjamana inayozunguka kikapu bila kukatika. Kama kwa Waturkmeni, hakuna mchoro. Kama kwao, fundi ni mwanamke na mwalimu wake ni mama au shangazi. Kikapu kilibeba unga, mahindi na mtama, kilikwenda harusini, kilipimiwa nafaka, na kwa miongo mingi meli hazikuleta kitu cha kukitoa mahali pake. Mwanaume alipokwenda mkonge, mwanamke alibaki na bonde lake na kikapu chake.

Wapo watakaosema kwamba ninayasifu mateso: kama ufundi uliishi kwa sababu mwanamke hakuwa na pa kwenda, basi uliishi mgongoni mwake. Pingamizi hili ni zito na sina nia ya kulikwepa. Muda wa mfumaji haukuwahi kulipwa kwa haki, si Merv wala Uhehe, na mabinti wa Kiturkmeni waliharibu macho na migongo wakiwa wadogo. Lakini kueleza sababu si kuihalalisha. Tena ushahidi unaonyesha kwamba fundi akiondolewa kabisa umiliki, hali yake haiwi bora. Serikali ya Kisovieti ilipokusanya mifugo kwenye mashamba ya umma mwanzoni mwa miaka ya 1930, sufu ilitoka mikononi mwa kaya na ufumaji ukahamishiwa katika warsha za serikali. Wafumaji walipata mshahara, jambo ambalo ni jema, lakini waliagizwa pia cha kufuma, na humo zikatoka picha za Lenin na Stalin zilizofungwa kwa mafundo yaleyale. Waliovuka mpaka kwenda kaskazini mwa Afghanistan wakiwa na kondoo wao waliendelea kufuma maguli majumbani. Baada ya uvamizi wa mwaka 1979 wafumaji wa Afghanistan waliingiza vifaru, helikopta na bunduki za Kalashnikov katika mazulia, bila kuagizwa na chama chochote. Nakshi iliyo hai ilikaa kwa mwenye kondoo.

Pingamizi la pili husema kwamba soko la wageni ndilo liliokoa vyote viwili, kwa hiyo tuliache lifanye kazi yake. Kwa sehemu ni kweli. Bila mnunuzi wa Paris na New York, mazulia mengi yasingefumwa baada ya mwaka 1900, na bila watalii na maduka ya nje, vikapu vingi vya Iringa vingeshindwa na ndoo ya plastiki. Hata sheria ya nyumbani imesaidia: tangu Juni 1, 2019, mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, mama anayekwenda gengeni amerudia kushika kikapu. Lakini soko huokoa kitu huku likifuta aliyekitengeneza. Lilifanya hivyo Bukhara. Linafanya hivyo hapa, ambapo kazi ya mwanamke wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo huvaa jina la Iringa ikifika Dar es Salaam, na jina la duka ikifika London. Turkmenistan ilichelewa kudai chake: iliweka maguli matano kwenye bendera mwaka 1992, ikatenga Jumapili ya mwisho ya Mei kuwa siku ya zulia, na mwaka 2019 UNESCO ikauorodhesha ufundi huo. Kufikia hapo neno Bukhara lilikuwa limekaa midomoni mwa wanunuzi kwa zaidi ya karne moja.

Mfano wa namna nyingine tunao mjini Iringa kwenyewe. Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ikakua hadi kuwa na karakana za watu wenye ulemavu wanaofuma, kushona na kutunga shanga. Pale mteja hununua huku akiwaona mafundi kazini na kujua kazi ni ya nani. Ni jambo dogo kwa macho, lakini ndilo soko la Bukhara halikulifanya hata siku moja.

Hatari kubwa zaidi kwa kikapu, hata hivyo, haiko dukani. Iko bondeni. Ilula imekuwa mji wa nyanya na vitunguu, malori yanapakia masanduku usiku na mchana kuelekea Dar es Salaam, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu mkulima kwa hilo. Lakini kiangazi nyanya hutaka maji yaleyale ambayo milulu huyataka, na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vikisambaa hadi katikati ya bonde, milulu hung'olewa. Bonde likishakwisha, msukaji atalazimika kununua malighafi aliyokuwa akiikata bure, kisha atabadili kwa plastiki, na hapo kiwanda kitakuwa kimepata nafasi ambayo hakikuwahi kuipata kwa miaka mia moja na zaidi. Waturkmeni walionyesha kinachotokea fundi anapotenganishwa na kondoo wake. Serikali za vijiji zinao uwezo wa kuzuia jambo hili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazipa mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi, na bonde ni ardhi. Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa vijiji vya Ilula na Kilolo yote, mpango wa matumizi ya ardhi utakapoletwa mezani, watenge sehemu ya kila bonde kwa ajili ya milulu, wawape wasukaji neno la mwisho juu yake, na waandike uamuzi huo kwenye kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji.